Natembea Tu

Mashine yangu ya kutoa kopi imeshauchora mto mmoja mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, wanafunzi huja dukani kwangu hapa Moshi na madaftari ya jiografia, na ndani yake kuna mchoro ambao yeyote aliyesoma sekondari Tanzania ataukumbuka: mto umejipinda huku na huku kama nyoka aliyeshiba, vishale vinaonyesha maji yanakoelekea, ukingo wa nje umechongwa, ukingo wa ndani umejaa vidoti vya mchanga. Juu yake, kwa wino mwekundu, limeandikwa neno moja la Kiingereza: meander. Wenyewe wanalitamka mianda.

Mwezi wa tatu, binti mmoja aliyekuwa akisubiri kopi zake aliniuliza, "Anko, mianda kwa Kiswahili ni nini?"

"Kona ya mto," nikamjibu huku nabana kurasa zake kwa stepla.

"Hapana anko, kona ni kona. Mwalimu ametuambia hata mtu anaweza kumianda. Anatembea tu, hana anakokwenda."

Akalipa, akaondoka. Mimi nikabaki na lile "anatembea tu" lake, kwa sababu ni maneno hayo hayo yaliyonilaza mahabusu nikiwa na miaka 19. Nitafika huko. Kwanza neno lenyewe.

Meander lilianza kuwa jina la mto wa kweli. Upo kusini-magharibi mwa Uturuki, leo unaitwa Büyük Menderes, na Wagiriki wa kale waliuita Maiandros. Kabla ya kuingia bahari ya Aegean unapita kwenye bonde tambarare, na humo unajikunja, unaelekea ulikotoka, unajikunja tena. Strabo, mwanajiografia aliyeishi miaka elfu mbili hivi iliyopita, aliandika kwamba mto ule umepinda kiasi cha kila kitu kilichopinda kuitwa kwa jina lake. Kutoka Kigiriki neno likaingia Kilatini, na kufikia karne ya 16 Waingereza walikuwa nalo. Likaanza kama jina la mizunguko, baadaye likawa kitendo, na kitendo kikahama kutoka kwenye maji kwenda kwa watu.

Siku hizi Mwingereza atalitumia kwa mto, kwa njia ya shambani, kwa hotuba isiyofika, na kwa mtu anayetembea jioni mikono nyuma. Kwa hotuba ni lawama kidogo. Kwa mtembezi si lawama hata kidogo. Anayemeander hakimbizwi na mtu, hakupotea, hana njaa. Akikuta ua lililochanua atasimama, atalitazama, ataendelea. Hilo ndilo lililonivutia: ni neno la kutembea bila shughuli ambalo halimshuku mtu.

Nilimtafutia yule binti neno la Kiswahili kwa siku kadhaa, nikiwa dukani, nikiwa kwenye daladala, hata kanisani. Maneno tunayo mengi, lakini karibu kila moja lina hukumu au shughuli ndani yake. Kutangatanga ni kwa asiye na pa kwenda: mkimbizi, mtoto aliyefiwa, mbwa asiye na mwenyewe. Kuranda kuna maringo. Kijana aliyevaa vizuri anaranda mtaani ili aonekane. Kuzunguka kuna kutafuta, kama unaposema umezunguka mji mzima kwa ajili ya dawa. Kunyoosha miguu ni kwa aliyechoka kukaa. Kupunga upepo kuna raha inayotakiwa, ila mpunga upepo mara nyingi ameketi.

Na kuzurura. Hili ndilo linalotoka kinywani haraka kuliko yote, na linauma. Mama zetu walilitumia kama fimbo: "Ulikuwa unazurura wapi?" Ukishaulizwa hivyo hakuna jibu linalokuokoa, kwa sababu swali limeshakuhukumu. Kwa msichana ni zaidi. Kaka akichelewa kurudi amezurura. Dada akichelewa, neno linalofuata silitamki hapa.

Hata methali zetu hazikubaliani. Moja inasema mtembezi hula miguu yake, yaani asiyetulia anajimaliza mwenyewe. Nyingine inasema mtembea bure si sawa na mkaa bure, maana anayetembea huenda akaokota. Mimi nimelelewa na bibi wa methali ya pili. Alikuwa akinishika mkono tunashuka kwenye vijia vya kati ya vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za Wachaga, kuta za mimea ya masale kulia na kushoto, na nikimuuliza tunakwenda wapi anasema, "Twende tu."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba neno nililokuwa nalitafuta si kitendo. Ni lile "tu". Nipo tu. Nimekuja tu, sina jambo. Ukiwa sokoni Mbuyuni muuza mitumba akakuita, unamwambia "naangalia tu", naye anakuacha upekue mashati yake bila kukudai chochote. Herufi mbili zinaondoa sababu yote kwenye kitendo na kukiacha kibaki kitendo. Waingereza walilazimika kwenda kuazima mto wa Uturuki. Sisi tunaongeza "tu" mwishoni, na anayetusikiliza anaelewa kwamba hatumtaki kitu.

Isipokuwa anayetusikiliza akikataa kuelewa.

Mwaka 2003 nilikwenda Arusha kutafuta kazi, nikafikia kwa baba mdogo Ngarenaro. Kwa wiki tatu nilizunguka kwenye magereji na maduka ya vifaa vya ujenzi, kila mahali nikaambiwa nirudi mwezi ujao. Jioni moja sikutaka kurudi nyumbani mapema kukaa mbele ya watu waliokuwa wananilisha. Nikapanda na njia, nikapita Mnara wa Saa, nikasimama darajani kuutazama mto Themi. Hatua kama kumi kutoka niliposimama walikuwapo wazungu wawili, mwanamume na mwanamke, wameegemea ukingo wa daraja kama mimi, wanatazama maji yale yale. Mwanamke alikuwa na kamera shingoni ila hakuwa akipiga picha.

Difenda ya polisi ikasimama nyuma yangu.

"Kijana, unafanya nini hapa?"

"Natembea tu."

"Unafanya kazi wapi?"

"Natafuta, afande."

"Panda."

Nilipogeuka kuwatazama wale wazungu walikuwa wamehamia upande wa pili wa daraja, bado wanatembea tu.

Usiku ule tulikuwa zaidi ya kumi katika chumba kimoja, wengi wao vijana waliookotwa barabarani. Mmoja alikuwa muuza mayai ya kuchemsha. Alikamatwa na ndoo yake, na sijui kwa bahati gani aliachiwa aingie nayo. Yalibaki mayai manane na kichupa cha plastiki cha chumvi iliyochanganywa na pilipili. Saa sita za usiku alianza kuyamenya polepole sana, ganda moja moja, akiyaweka maganda kwenye kiganja chake ili yasichafue sakafu ya watu wengine, kisha akalikata kila yai kwa uzi alioutoa kwenye mshono wa shati. Kila mtu alipata kipande. Hakusema neno. Mtaji wake wote ulikuwa ndani ya ndoo ile na alijua asubuhi hautakuwepo.

Baba mdogo alikuja kulipokucha, wakazungumza pembeni, nikaachiwa. Nilipokuwa nasaini daftari kubwa mezani niliona mbele ya jina langu limeandikwa neno moja: uzururaji.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba neno lile halikuwa la afande yule. Lilikuwa limesafiri kutoka mbali. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, vifungu vya 176 na 177 viliandikwa kwa ajili ya watu wavivu, wahuni na wazururaji, na mzizi wake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Vita na Napoleon vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi hawana kazi, maskini wamejaa barabarani, na Bunge la Uingereza likaona dawa ni kuwafunga. Sheria ile ikapelekwa makoloni, ikafika Tanganyika, ikabaki baada ya bendera kubadilika. Kiingereza chake hakitumii meander. Kinatumia ndugu yake, wander. Mtu akikutwa ana-wander karibu na jengo, barabarani au mahali pa wazi, kwa wakati na katika mazingira yanayomfanya mtu afikiri kwamba ana nia mbaya, amekosa. Si lazima awe amegusa kitu. Inatosha mwingine afikiri.

Kwa hiyo lugha moja ilikuwa na maneno mawili kwa miguu ile ile. Moja kwa mtembezi wa jioni, jingine kwa fukara.

Nasi tuliliendeleza wenyewe. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na mijini watu wasio na ajira inayotambulika wakawa wanakusanywa na kupelekwa vijijini wakalime. Namheshimu sana Sokoine, na najua nchi ilikuwa katika hali gani, duka gani lilikuwa na sabuni na lipi halikuwa nayo. Lakini mama yangu alikuwa msichana wa mjini wakati ule, na naamini woga uliomo ndani ya "usizurure" yake haukutoka kwa bibi. Bibi alikuwa akisema twende tu.

Huko Malawi, mchuuzi wa mifuko ya plastiki aitwaye Mayeso Gwanda alikamatwa mwaka 2016 alfajiri akienda kwenye biashara yake, akashitakiwa kwa kifungu cha aina hiyo hiyo. Hakukubali. Mwezi wa kwanza mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ikasema kifungu kile kinakwenda kinyume na katiba ya nchi. Kisha tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikijibu ombi la umoja wa mawakili wa Afrika, ikatoa maoni kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika: zinamvunjia mtu utu wake, zinambagua kwa umaskini wake, zinamnyima uhuru wa kwenda na kurudi, na nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta.

Makao ya mahakama hiyo yapo Arusha. Makao ya mawakili walioomba yapo Arusha pia.

Niliisoma habari ile kwenye simu nikiwa dukani. Niliisoma tena. Ni maoni ya ushauri, si hukumu ya kumtoa mtu ndani, hilo nalifahamu. Lakini kutoka wanapokaa majaji wale mpaka kwenye lile daraja la Themi ni safari fupi ya daladala, na wao waliandika, kwa kirefu na kwa hoja, kwamba kijana kusimama darajani bila sababu si kosa. Nilimfikiria yule muuza mayai. Sikuwahi kumuuliza jina.

Sasa nirudi mtoni, kwa sababu kuna jambo ambalo mchoro wa daftarini hauwaambii wanafunzi.

Mito yetu ya Moshi huku juu haimeander. Karanga na Rau inatoka mlimani kwa kasi, inachimba makorongo, inashuka kama watu wenye miadi. Huku juu kinachojikunja ni mfongo, ule mfereji waliouchimba wazee wa Kichaga kupeleka maji kwenye vihamba. Mgeni akiuona anaweza kudhani mchimbaji alikuwa anabahatisha, mara kushoto, mara kulia, mara unazunguka mgomba mmoja. Kumbe aliufuata mteremko kwa macho, mdogo kiasi cha maji kwenda bila kung'oa udongo na bila kulala. Kila kona ina sababu.

Mto nao, ukifika tambarare, una zake. Ziangalie kwenye kikombe. Mama anayetuuzia chai jirani na dukani kwangu anatumia chujio lililozeeka, kwa hiyo majani mengine yanapita. Koroga, toa kijiko, subiri. Ungetarajia majani yatupwe pembeni, kwenye kingo za kikombe. Hayaendi huko. Yanajikusanya katikati, chini, kama yameitwa. Sababu ni kwamba chai ya chini inajikwaruza kwenye kitako cha kikombe, inapoteza kasi, ile ya juu inazidi kutupwa nje, na ya chini inarudi ndani ikiyabeba majani. Albert Einstein aliandika makala mwaka 1926 akieleza kwamba kona za mto ni kikombe hicho hicho: maji ya juu yanagonga ukingo wa nje na kuubomoa, ya chini yanasukuma mchanga kwenda ukingo wa ndani. Upande mmoja unaliwa, mwingine unajengwa, na kona ndogo inazaa kona kubwa. Mwisho shingo kati ya kona mbili inakuwa nyembamba, mafuriko yanaikata, na kipande cha mto wa zamani kinabaki ziwa lililopinda.

Wataalamu wa mito wana hata kipimo. Pima urefu wa mto ukifuata maji, gawa kwa urefu wa bonde lililonyooka, ukipata 1.5 au zaidi, mto huo unameander. Na umbali kutoka kona moja hadi nyingine inayofanana nayo huwa mara 10 hadi 14 ya upana wa mto, Uturuki au Amerika. Kitu kisicho na mwelekeo hakipimiki hivyo. Menderes wenyewe, mto uliowapa watu neno la kutembea bila lengo, ulibeba udongo mwingi mpaka ukaifukia bandari ya Miletus, mji wa kale uliokuwa na meli mlangoni, na magofu yake leo yapo kilomita kadhaa kutoka baharini.

Yule binti alirudi mwezi wa nne na daftari la biolojia. Nikamwambia nimepata maneno mawili. La kwanza ni "tu", nikamweleza. La pili ni kuvinjari, yaani kuzungukazunguka huku unatazama.

"Si ndiyo kivinjari cha kwenye simu?"

"Ndiyo huyo huyo."

Akafikiri. Akasema ataandika kuvinjari, kwa sababu "tu" mwalimu hataikubali. Nadhani ana haki. Ninafurahi kwamba waliotafuta jina la programu ya kuzungukia intaneti walilichukua neno hilo, na kwamba vijana wanavinjari usiku kucha bila kuulizwa kitambulisho. Ningependa tu lirudi na miguuni.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilipanda gari la Mabogini, nikashuka kwenye mashamba ya mpunga, nikatembea kushuka na Rau kuelekea upande wa Kahe. Huko nchi imelala, na mto umeanza kujikunja kama kwenye mchoro. Mahali pamoja kona imekaribia kujifunga. Wenyeji wamepitisha njia kwenye shingo yake, wanavuka kwa dakika mbili wakiwa na mizigo kichwani. Mimi nikafuata maji. Nilitumia karibu nusu saa. Ukingo wa nje umekatwa wima kama ukuta, mizizi inaning'inia hewani, na vishimo vya ndege vimetoboa udongo. Ukingo wa ndani ni mchanga laini wenye alama za kwato za mbuzi.

Karibu na mwisho wa kona nilimkuta mzee amekaa na ndoano, ndoo ndogo pembeni, ndani yake kambare wawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana, mzee. Natembea tu."

Akanitazama viatu, akatazama nilikotoka. Akaivuta ndoo yake karibu na goti.

"Basi pita huku juu," akasema, "hapo chini pana tope."